Fundi Tunakuuliza: Nabadilisha king'amuzi cha kurekodi, vipindi vyangu vinahama navyo?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, ving'amuzi vya kurekodi. Nadhani ni kwa sababu vile tulivyonunua miaka ile ya kuhamia dijitali (Tanzania tulianza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, Kenya wakamaliza 2015) sasa vimechoka, hadi diski (hard disk, inayotunza vipindi humo ndani) zinakufa, watu wanaingia dukani kutafuta kingine na wanaulizwa swali moja tu, unataka cha gigabaiti ngapi? Wakati gigabaiti ndo jambo la mwisho la kuangalia. Nimechukua barua tano, na hii ya kwanza ntakaa nayo sana manake mambo yake hayasubiri.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Tanga. Nyumbani tuna king'amuzi cha setilaiti cha kulipia, chenye hadi diski humo humo ndani, alikinunua marehemu baba. Siku hizi kinaganda, picha inakatika vipande vipande, na kikikaa kimewaka kinakua cha moto mpaka mkono hauwekeki. Nataka nikiache ninunue kile cha bei nafuu cha antena unachomeka flashi, ili niachane na malipo ya kila mwezi. Shida ni kwamba ndani yake kuna kipindi waandishi walikuja kumhoji baba kuhusu uvuvi wa zamani na kuchonga ngalawa. Ni dakika chache tu lakini ndo sauti yake tuliyobaki nayo. Kuna fundi hapa mtaani anasema atoe hadi diski aichomeke kwenye kompyuta anikopie. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa baba. Usimpe. Kwanza kichomoe king'amuzi kwenye umeme, kipoe, afu usome hadi mwisho ndo uanze kazi.

Kinachohifadhiwa kwenye king'amuzi cha kulipia si video ya kawaida kama ile uliyopiga na simu. Matangazo yanakuja kutoka setilaiti yakiwa yamefungwa, na king'amuzi kinayaandika kwenye hadi diski yakiwa bado yamefungwa, ufunguo wenyewe umekaa kwenye chipu ya king'amuzi hicho hicho ikishirikiana na kadi yako. Ukiitoa hadi diski ukaiweka kwenye kompyuta unakutana na vitu viwili. Cha kwanza, kompyuta ya Windows haiutambui mpangilio wa hiyo diski kwa sababu ving'amuzi vingi vinaendeshwa na Linux, mfumo tofauti na Windows, kwa hiyo inakurushia ujumbe kwamba diski haisomeki, je niifomati? Na hapo fundi mwenye haraka anabonyeza ndiyo, yameisha. Cha pili, hata akiwa mjuzi akaweka programu ya kusoma Linux akayaona mafaili yote yamejipanga, hayatafunguka, atakua na gigabaiti za takataka. Na usidanganyike kununua king'amuzi kingine cha aina ile ile ili uhamishie diski, manake kile kipya kina ufunguo wake na vingi vikiona diski ya kigeni kitu cha kwanza ni kutaka kuifuta.

Kwa hiyo vipindi havihami. Lakini hapa namaanisha faili ndo halihami, picha na sauti vinaweza kuhama, na hiyo ndo njia yako.

Kabla ya yote, usikate kifurushi. Nimeona familia inaacha kulipia mwezi huu ikijua watakua na muda wa kuangalia vitu vyao taratibu, kumbe kwenye ving'amuzi vingi vya kulipia kifurushi kikiisha na vile ulivyorekodi vinagoma kufunguka, hata kama ulivirekodi ukiwa umelipa halali. Lipia mwezi mmoja zaidi, hata kile kifurushi cha chini kabisa kama chaneli hiyo imo, hadi kazi iishe.

Afu tujue ugonjwa. Angalia chaneli ya moja kwa moja, kisha angalia kitu ulichorekodi zamani. Kama vyote vinakatika vile vile, na hasa mvua ikinyesha, basi tatizo lipo juu, dishi limesogea au LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) imechoka au waya umeingia maji pale kwenye kichwa chake, na Tanga kwa hewa ile ya chumvi ya bahari vile vichwa vya waya vinaota kutu haraka sana. Kama ya moja kwa moja ni safi ila ulivyorekodi ndo vinaganda, hiyo ni hadi diski. Kuna na dalili ya katikati inayowachanganya watu, chaneli ya moja kwa moja inaganda, ukibadilisha chaneli inapona, baada ya muda inaganda tena. Hiyo nayo mara nyingi ni hadi diski, kwa sababu king'amuzi cha kurekodi kinaandika kila unachoangalia ili uweze kusimamisha na kurudisha nyuma, hata kama hujabonyeza rekodi. Ndo maana hadi diski za humu zinachoka, hazipumziki, na ving'amuzi vingine vinaiacha izunguke hata ukiwa umezima na rimoti kile kitaa chekundu kinawaka. Weka sikio karibu. Ukisikia mlio wa tik, kimya, tik, ujue haina siku nyingi.

Ukishajua ni diski, fanya kazi asubuhi mapema kabla jua halijapanda, king'amuzi kikiwa kimelala usiku mzima kimechomolewa. Kitoe kwenye kabati au chini ya kitambaa, kiweke peke yake mezani, ukiwa na feni ndogo ielekeze ipulize kwenye matundu yake. Usianze kufuta vipindi vingine eti kupunguza mzigo, kila kufuta ni kuandika kwenye diski inayokufa. Nenda moja kwa moja kwenye kipindi cha baba.

Sasa namna ya kukinasa. Angalia nyuma ya king'amuzi kama kuna yale matundu matatu, njano, nyeupe na nyekundu. Ving'amuzi vya zamani vingi vinayo, na hayo ndo mlango wako, kwa sababu HDMI (tundu la waya mmoja wa TV za kisasa) inatoka na kinga yake inayokataa kurekodiwa lakini matundu haya ya zamani kwa kawaida yanatoa picha wazi. Pale wanapouza vifaa vya kompyuta ulizia kile kifaa kidogo cha USB chenye matundu hayo hayo matatu, watu wanakitumia kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye kompyuta. Unachomeka king'amuzi kwenye kifaa, kifaa kwenye laptopu, unafungua programu ya kurekodi (OBS ni ya bure na inafanya kazi vizuri), unaanza kurekodi kwenye laptopu kwanza, ndo unabonyeza pleyi kwenye rimoti. Kinaenda kwa muda wake halisi, dakika kumi za kipindi ni dakika kumi za kukaa hapo. Picha itashuka ubora, itakua ile ya mistari 576 tuliyoizoea zamani, lakini sauti itakua ile ile na uso utauona. Jaribu kwanza na kipindi kingine kisicho na thamani kwako, ili king'amuzi kikiwashwa kwa cha baba isiwe ndo unajifunza. Ukiona picha inapauka na kukolea, inapauka na kukolea, basi hata matundu hayo yamewekewa kinga.

Hapo inabaki simu. Usidharau. Funga mapazia chumba kiwe giza, simu iwe kwenye stendi au iegeshwe kwenye vitabu isitikisike, ikae sawa na katikati ya kioo cha TV, ulaze upana. Sauti usiichukue na simu hiyo hiyo kwa mbali, chukua simu ya pili uiweke karibu kabisa na spika ya TV irekodi sauti peke yake, mtu yeyote anayehariri video za harusi atakuunganishia. Zima feni ya chumba wakati huo na watoto wapelekwe nje.

Ukipata, nakili sehemu tatu, kwenye flashi, kwenye kompyuta ya ndugu anayekaa mji mwingine, na mtandaoni kwenye akaunti yako. Na hata ukifanikiwa, waandikie kituo kilichorusha kipindi. Wape jina la kipindi na mwezi kiliporushwa, waambie ni marehemu. Vituo vingine vina maktaba na watu wa maktaba ni watu wa roho nzuri, unaweza kupata nakala safi kuliko yako.

Hayo yakiisha ndo tuongelee king'amuzi kipya. Hicho cha antena cha flashi ni kizuri na hakina malipo ya mwezi kwa chaneli za bure, lakini elewa unahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine kabisa. Chaneli za kulipia za setilaiti huzipati tena. Kurekodi utarekodi chaneli moja, wakati mwingine na kuangalia nyingine kunakataa (soma jibu la Mombasa hapo chini). Orodha ya vipindi ya wiki nzima ambayo umezoea kubonyeza tu na kitu kinarekodi chenyewe kila wiki, kwenye vile vya bei nafuu ni shida, utaweka saa kwa mkono. Kama unayoangalia ni taarifa ya habari, tamthilia za hapa nyumbani na dini, nakwambia nenda, utaokoa hela. Kama kuna mzee au kijana pale ndani anayetegemea mpira wa kulipia, utanunua hicho na baada ya mwezi utarudi kulipia kule kule.

Na ukiamua kubaki na setilaiti ubadilishe tu king'amuzi kwa kingine cha kurekodi, uliza LNB kabla ya kuuliza bei. Mfano Explora ya DStv, iliyotoka mwaka 2013, na Explora Ultra ya 2020, zile zinataka LNB yake maalumu wanayoiita Smart LNB au swichi ya kufanya kazi hiyo, ili waya mmoja ubebe chaneli zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ukiichomeka kwenye LNB ya kawaida ya king'amuzi kisichorekodi, utaona inawaka lakini kurekodi hiki huku unaangalia kile hupati. Watu wanarudisha king'amuzi dukani wakisema kibovu kumbe ni kichwa cha dishi. Uliza pia kama huduma ya kurekodi ina ada yake juu ya kifurushi, manake hiyo huwa haiandikwi kwenye bango.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi niko Mombasa, nilitoka kwa dikoda ya zamani nikanunua nyingine ya antena yenye USB, ya bei poa tu. Inarekodi vizuri habari lakini mpira kila mara inakata kipindi cha pili kikianza, bila kukosa. Flashi ni ya gigabaiti 64 na iko karibu tupu. Tena nikirekodi siwezi kubadilisha chaneli zingine, zingine zakubali. Dikoda ni mbovu ama?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Dikoda ni nzima, na hilo neno lako "kipindi cha pili kikianza" limenipa jibu lote.

Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haikubali faili moja lizidi gigabaiti 4 hata flashi ikiwa tupu. Sasa piga hesabu. Megabiti 1 kwa sekunde ni kama megabaiti 450 kwa saa. Chaneli ya kawaida ikirushwa kwa megabiti 3 inakula kama gigabaiti 1.35 kwa saa, kwa hiyo habari ya saa moja inapita bila tabu. Lakini mpira wa HD ukirushwa kwa megabiti 8 unakula gigabaiti 3.6 kwa saa moja, na gigabaiti 4 zinajaa kwenye saa moja na dakika saba hivi. Ulianza kurekodi dakika chache kabla ya filimbi, weka dakika 45, weka mapumziko 15, ndo hapo timu zinarudi uwanjani na dikoda yako imefika ukutani. Dikoda nyingine zina akili ya kukata faili vipande vipande na kuendelea, yako haina.

Ingia kwenye menyu ya dikoda, sehemu ya USB, utafute kufomati, na kama kuna NTFS au exFAT (mipangilio isiyo na ukuta huo) chagua hiyo. Fomati kupitia dikoda yenyewe, usifomati kwenye kompyuta, kwa sababu dikoda inajua inachokisoma. Kumbuka kila kitu kwenye flashi kitafutika, toa kwanza unavyovitaka.

Afu ukiweza achana na flashi. Flashi za bei ndogo zinaandika kwa kusuasua, na dikoda ikianza kuandika huku wewe unarudisha nyuma kuangalia goli, inashindwa, unaona picha inaruka. Chukua hadi diski ndogo ya nje. Ila hapo kuna mtego wa umeme, tundu la USB 2.0 linatoa milianpea 500 tu na hadi diski nyingi pale zinapoanza kuzunguka zinataka zaidi, unasikia inajaribu kuzunguka inashindwa, au dikoda yote inajizima na kuwaka. Dawa yake ni ile hab ya USB yenye adapta yake ya umeme, au SSD ndogo ambayo haina kitu kinachozunguka ndani.

Kuhusu kubadilisha chaneli, dikoda yako ina tyuna moja. Tyuna inashika masafa mamoja kwa wakati mmoja, na kwenye antena chaneli nyingi zinasafiri pamoja kwenye masafa mamoja. Kwenu Kenya Citizen, NTV na KTN zinarushwa na ADN, mtambo ambao Royal Media, Nation na Standard waliuanzisha pamoja, kwa hiyo ukiwa unarekodi Citizen unaweza kuhamia NTV bila kuharibu. Lakini KBC iko Signet, mtambo mwingine wenye masafa mengine, ndo maana dikoda inakukatalia. Unaponunua nyingine uliza ina tyuna ngapi. Mbili zinatosha nyumba nyingi na ni bora kuliko diski kubwa, diski hata ukikosa leo utaongeza kesho, tyuna huongezi.

Kitu cha mwisho kwako kama mtu wa mpira, muda. Usiweke muda wa saa mbili tu. Mechi ya ligi weka mwisho nusu saa zaidi, na mechi ya mtoano weka saa nzima zaidi na ziada kidogo, kuna dakika 30 za nyongeza na bado penalti. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, hakuna atakayetaka kurekodi dakika 120 afu penalti zikatwe. Na dikoda isizimwe ukutani, hizi za bei poa umeme ukikatika zinasahau saa hadi zipate tena mawimbi, kama taima haijaona saa haiwaki. Zima na rimoti tu.

SWALI: Fundi, mimi niko Uingereza, Leicester. Tumekaa na Sky Q, king'amuzi cha setilaiti cha kulipia, miaka sasa tunataka kutoka, malipo yamekua makubwa. Dishi lipo ukutani. Mtu kaniuzia boksi la zamani la Freesat (chaneli za bure za setilaiti) la kurekodi kwa bei ya kutupa, nimeunganisha waya zile zile mbili, linasema hakuna mawimbi. Nilipata wapi makosa, mbona nasikia setilaiti ni ile ile?

JIBU: Setilaiti ni ile ile kweli, digrii 28.2 Mashariki, na dishi halihitaji kuguswa. Kilichobadilika ni LNB. Sky Q ilipokuja mwaka 2016 ilikuja na LNB ya waidibandi, inayotuma masafa mapana kwenye waya mbili, mmoja mlalo mmoja wima, wakati maboksi ya zamani ya Freesat yanategemea LNB ya kawaida ambayo boksi lenyewe linaiamuru ibadilishe. Haya mawili hayasikilizani. Una njia mbili. Ama mtu apande abadilishe LNB iwe ya kawaida, au ile ya mseto yenye matundu ya aina zote mbili kama bado mnataka Sky Q ikae kwa muda. Ama urudishe hilo boksi utafute jipya zaidi la Freesat ambalo kwenye menyu ya mwanzo linakuuliza aina ya LNB na waidibandi ipo. Kama dishi lipo juu sana, mi ningelipia boksi kuliko kulipia mtu wa ngazi.

Na kama mna antena nzuri juu ya paa, fikirieni kinasa cha Freeview (chaneli za bure za antena), hicho hakina habari na dishi kabisa. Kitu cha kuangalia ni mlichorekodi kwenye Sky Q, kinaishia kwenye Sky Q, siku mkataba unapoisha hamkifungui tena. Yaangalieni mliyoyaweka kabla ya tarehe hiyo. Wakiwapigia simu kuwashawishi mhamie Sky Glass, TV yao ya mtandaoni, mjue ile haitumii dishi na haina kurekodi kama mlivyozoea, inakuwekea orodha tu na kipindi kinatoka mtandaoni, wenye kipindi wakikiondoa nacho kimeondoka.

SWALI: Kwani bado watu wanarekodi TV? Kila kitu si kipo YouTube. Mi naona mnapoteza hela. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Vingi vipo, na kama unachoangalia kinawekwa YouTube kizima na una bando la kutosha basi huna haja ya kununua chochote, nakubaliana na wewe kabisa. Ila soma tena barua ya Tanga. Kile kipindi cha mzee wa ngalawa hakikuwekwa mahali popote. Mechi za ligi wenye haki wanaweka magoli tu. Vipindi vya redio na TV vya mikoani, mashindano ya kwaya, kasida za Maulid zinazorushwa mara moja kwa mwaka, vinarushwa na vinapotea, na hata vikiwekwa mtandaoni akaunti ikifungwa vinaondoka navyo. Mimi naamini mtu mwenye kinasa pale nyumbani anatunza vitu ambavyo hata kituo chenyewe hakina, na ndo sababu nakasirika nikiona vinafutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja.

SWALI: Assalaam aleikum, niko Maskati. Nilikua na risiva ya setilaiti ya chaneli za bure, Nilesat na Arabsat, nikirekodi kwenye hadi diski ya nje. Nimenunua risiva nyingine kampuni tofauti, nimeichomeka hadi diski ile ile, inaiona lakini inasema haina kitu. Nimepoteza?

JIBU: Waaleikum salaam, hujapoteza inshallah. Usikubali tu ikikwambia ifomati. Kila risiva inatafuta vipindi kwenye folda ya jina lake, isipoikuta inasema tupu. Ichomoe uichomeke kwenye kompyuta, fungua folda moja moja, utakuta mafaili makubwa yanayoishia na .ts au .mts, yafungue na VLC, programu ya kuchezea video. Yakicheza, mambo yako sawa, kwa sababu chaneli za bure risiva nyingi zinaziandika zikiwa wazi. Yanakili kwenye kompyuta, uyape majina unayoyaelewa, afu urudishe kwenye hadi diski nje ya folda zote, na kwenye risiva mpya usiingie sehemu ya kurekodi, ingia sehemu ya midia, zitaonekana kama video za kawaida. Kama ni vipande, 000, 001, 002, viache kwenye folda moja kwa mpangilio huo huo usibadilishe majina yake.

Yasipocheza kwenye VLC, yaani kioo cheusi tu na dakika zinaenda, basi risiva yako ya zamani ilikua inafunga hata chaneli za bure, zipo za hivyo. Hapo risiva ya zamani usimpe mtu wala usiiuze, ichomeke tena na ufuate ile njia ya matundu matatu niliyompa mwenzio wa Tanga. Na orodha ya chaneli, kwa kuwa unapokea setilaiti mbili, kabla ya kutafuta chaneli upya angalia kwenye risiva ya zamani Nilesat ilikua tundu namba ngapi la swichi ya DiSEqC (ile inayobadilisha kati ya setilaiti) na Arabsat namba ngapi, uandike kwenye karatasi, uweke namba hizo hizo kwenye mpya, ndo uanze kutafuta.